Anayeomba mvinyo mtamu aulizwe kwanza anakimbia nini

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu mwandishi wa safu ya vinywaji. Katika toleo la Jumamosi iliyopita aliwashauri wanaoanza kunywa mvinyo wasipoteze muda na mvinyo mtamu, bali waanze na mwekundu mkavu, yaani usiobakiwa na sukari, wauvumilie mpaka ulimi ukubali, akaongeza kwamba utamu ni wa wasiojua. Sina ugomvi naye, na safu yake huisoma kabla sijagusa kurasa za siasa. Lakini hili la kuvumilia limenikwama kooni. Kazi iliyonilisha na kuwasomesha wanangu ilikuwa kumimina mvinyo mezani, kwanza hotelini, baadaye kwenye meli za abiria, na meza za wanaoanza ndizo nilizopangiwa mara nyingi. Wenzangu walizikwepa kwa kuwa bakshishi yake ni ndogo. Mimi nilizipenda, maana mtu asiyejua jina hata moja la shamba la mizabibu hukwambia ukweli wa ulimi wake bila kujificha.

Niseme mapema: asiyekunywa, kwa dini yake, kwa afya yake au kwa kutotaka tu, asianze kwa sababu ya barua hii. Namwandikia yule ambaye ameshaamua kuonja na hajui ashike chupa gani, na yule anayetaka kumkaribisha mgeni wa namna hiyo.

Anayeanza ana namna yake ya kuagiza. Hufungua orodha, huifunga, hutupa jicho meza ya jirani, kisha huniinamia na kunong'ona: "Mama, hakuna kitamu?" Hunong'ona kama mtu anayeuliza choo kiko wapi. Nami sikumletea kitu kabla ya kumuuliza: ule mvinyo uliouonja ukaukataa, ulikukera nini? Majibu ndiyo huwatenganisha. Mmoja husema ulimi ulikauka na fizi zikakakamaa. Wa pili husema koo na kifua viliwaka. Wa tatu husema ulikuwa mchachu, akakunja uso hadi machozi yakamlengalenga. Wote watatu wameomba "kitamu", ila kila mmoja anakimbia kitu chake, na chupa inayomfaa huyu itamuudhi yule. Yupo na wa nne, anayependa sukari kwelikweli na hakimbii chochote. Huyo wala hasumbui.

Mwandishi wako amewaweka wote hawa kwenye kapu moja na kuwaandikia dawa moja, tena ile inayomtesa zaidi yule wa kwanza.

Maana kinachokausha ulimi si kukosekana kwa sukari. Ni tanini, inayotoka kwenye maganda na kokwa za zabibu na pia kwenye mapipa ya mwaloni. Ikifika kinywani hushikana na protini za mate, mate hupoteza utelezi, na ulimi hubaki ukikwaruzana na kaakaa. Mvinyo mwekundu huchachuka pamoja na maganda yake, kwa hiyo tanini hujaa humo. Mweupe kwa kawaida hukamuliwa na maganda kutengwa kabla ya kuchachuka. Kumpa mgeni wa namna hii Barolo, mwekundu wa Italia ambao ni zabibu ya Nebbiolo yenye tanini nyingi, tupu, tena kabla haujakaa miaka ya kutosha, ni kumfukuza mezani kwa heshima.

Huyu pengine hahitaji sukari hata chembe. Nilikuwa nampa mwekundu mwepesi wa zabibu ya Gamay kutoka Beaujolais, Ufaransa, uliopozwa kidogo. Ni mkavu, lakini tanini yake ni ndogo na unanukia matunda mekundu, na wengi waliunywa wakiuita mtamu. Sikuwasahihisha. Akitaka sukari yenyewe ndani ya rangi nyekundu, Italia inamjibu mara mbili. Kwanza ni Brachetto d'Acqui wa Piedmont, wenye mapovu laini, kileo kidogo na harufu ya waridi na stroberi, ambao ukikutana na chokoleti wala huhitaji mazungumzo. Pili ni Lambrusco wa Emilia-Romagna, ila hapo lebo isomwe: secco ni mkavu, amabile ni mtamu wa kiasi, dolce ni mtamu. Nimewaona watu wakiokota secco kwa kuvutiwa na povu lake la zambarau, kisha wakanirudia wakisema nimewauzia siki.

Wa pili, anayekimbia moto wa kileo, ndiye aliyeumbiwa Moscato d'Asti, mvinyo mweupe mtamu wa Italia wenye mapovu kidogo, na hapa naomba nikae kidogo kwa sababu mvinyo huu unadharauliwa na watu ambao hawajawahi kuuliza unatengenezwaje. Juisi ya zabibu ya Moscato Bianco huhifadhiwa kwenye baridi kali ili isichachuke kabla ya wakati. Ikihitajika, huachwa ichachuke ndani ya tangi lililofungwa ili sehemu ya gesi ibaki humo. Kileo kikikaribia asilimia 5, mtengenezaji hushusha joto ghafla na kuichuja hamira yote. Hamira ikishaondoka, sukari haina tena wa kuila. Ndiyo maana lebo yake husoma kileo kati ya asilimia 4.5 na 6.5, kama nusu ya mvinyo wa kawaida au chini yake, huku sukari ikizidi gramu 100 kwa kila lita. Kiasi hicho kinakaribiana na cha soda nyingi. Lakini soda ikikukinaisha kwenye glasi ya pili, Moscato mzuri haukukinaishi, kwa sababu una uchachu wa zabibu nyuma yake na mapovu madogo ya kuusafisha ulimi. Halafu kuna harufu: maua ya mchungwa, pichi na zabibu yenyewe. Zabibu za jamii ya Muscat, ambayo Waitalia huiita Moscato, ni miongoni mwa chache ambazo mvinyo wake hunukia zabibu; nyingine nyingi hunukia kila tunda isipokuwa lenyewe.

Sharti lake ni ujana. Moscato d'Asti hautunzwi kabatini kusubiri harusi ya mtoto. Tafuta mwaka wa mavuno kwenye lebo, uchukue wa karibuni kabisa, unywe baridi, na ukiufungua umalize ndani ya siku mbili tatu kabla haujapoa mapovu. Ndugu yake aitwaye Asti, wenye kizibo chenye umbo la uyoga kilichofungwa kwa waya, una mapovu makali zaidi na kileo kilichopanda kidogo. Mtu akitaka shangwe ya kizibo kulipuka, ni huo.

Sasa wa tatu, anayekimbia uchachu. Huyu ana mtego, kwa sababu uchachu anaoukimbia ndio unaouokoa mvinyo mtamu usiwe sharubati. Sukari hufunika uchachu na uchungu ulimini, na uchachu nao hupunguza uzito wa sukari. Kimoja kikikosekana kingine huchosha. Nimeonja mivinyo yenye sukari ndogo kuliko Moscato ambayo ilinichosha kwa funda moja, kwa kuwa haikuwa na chochote cha kuishikilia. Kwa hiyo simpi huyu mvinyo usio na uchachu kabisa. Nampa ule ambao uchachu wake umekaa nyuma: Gewürztraminer mtamu wa Alsace, unaonukia waridi na laichi, au Muscat de Beaumes-de-Venise wa kusini mwa Ufaransa. Namwonya tu kwamba hii miwili si Moscato. Gewürztraminer hufika kwa urahisi asilimia 13 na kuzidi, na huo Muscat huongezewa pombe kali hadi kufika asilimia 15 au zaidi, kwa hiyo glasi iwe ndogo.

Na kwenye mvutano huu wa sukari na uchachu ndipo Riesling ya Ujerumani inapoingia, zabibu niipendayo kuliko zote, na ndiyo pia inayowachanganya watu kuliko zote. Riesling ya bonde la Mosel ina uchachu wa kukata, na ikiachiwa sukari yake vizuri huwezi kuamua kama unakunywa kitamu au kichachu. Unamiminiwa tena kabla hujaamua. Tatizo ni lebo. Utakuta Kabinett, Spätlese, Auslese, na mtu atakwambia hizo ni ngazi za utamu. Sivyo. Kwa sheria ya Ujerumani ya mwaka 1971 maneno hayo yanapima sukari iliyokuwa kwenye juisi ya zabibu siku ya mavuno, na hayasemi imebaki kiasi gani baada ya kuchachuka. Spätlese inaweza kuwa kavu kabisa. Ikiwa kavu, lebo itasema trocken, maana yake sukari haizidi gramu 9 kwa lita. Halbtrocken huishia gramu 18. Feinherb ni neno ambalo sheria haikulipimia mpaka, ila wengi hulitumia kwa nusu tamu. Pasipo neno lolote kati ya hayo, tazama namba ya kileo.

Namba hiyo ndiyo iliyoniokoa kazini kuliko orodha zote nilizokaririshwa. Hamira hula karibu gramu 17 za sukari katika lita ili kutoa asilimia 1 ya kileo. Chukua juisi yenye gramu 200 kwa lita. Ikichachuka yote, utapata mvinyo mkavu wa asilimia 12 hivi. Ikisimamishwa kwenye asilimia 8, hamira imekula gramu 136, na zimebaki 64. Kwa hiyo Riesling ya Mosel inayosoma asilimia 8 karibu hakika ni tamu, na inayosoma 12.5 karibu hakika ni kavu, hata kama lebo zote mbili zimeandikwa kwa herufi zilezile za kizamani zenye ngao na simba. Nimewafundisha hesabu hii vijana wa kazi ambao hawakuwahi kutamka neno la Kijerumani, na wakawahudumia Wajerumani bila kubabaika.

Ina mipaka yake. Vinho Verde wa Ureno mara nyingi una asilimia 9 hadi 11 na bado ni mkavu, kwa sababu zabibu zake huvunwa zikiwa na sukari kidogo tangu mwanzo. Sauternes una asilimia 13 au 14 na ni mtamu sana, kwa sababu juisi yake huanza na sukari nyingi kupita uwezo wa hamira. Na chochote kinachozidi asilimia 15 kikiwa kitamu, mara nyingi kimeongezewa pombe. Lakini kwa mweupe wa kawaida, chini ya 10 kuelekea utamu na juu ya 12 kuelekea ukavu, utapatia mara nyingi kuliko utakavyokosea.

Mivinyo ya mapovu ina utani wake. Ngazi yake ya Ulaya huanza na brut nature, isiyofika gramu 3, ikapanda kwenye extra brut, kisha brut isiyofika 12, kisha extra dry yenye 12 hadi 17, kisha dry au sec yenye 17 hadi 32, demi-sec yenye 32 hadi 50, na doux inayozidi hapo. Soma tena. Kinachoitwa dry kwenye chupa ya mapovu kina sukari ambayo kwenye chupa isiyo na mapovu ingeitwa nusu tamu. Anayeanza anayetaka mapovu yenye utamu asishike brut, hata kama ndiyo iliyojaa rafu nzima, atafute demi-sec.

Kuna na jambo la pua, ambalo hata wauzaji hulipotosha. Harufu ya matunda si sukari. Ukinusa Gewürztraminer kavu, pua itakuapia kwamba kuna asali, ukiionja, hakuna. Pipa la mwaloni nalo hutoa harufu ya vanila, na vanila tumeizoea kwenye vitu vitamu, basi ubongo hujaza pengo. Muuzaji akikwambia mvinyo huu una matunda mengi, hajakwambia ni mtamu. Muulize kwa maneno mengine: sukari iliyobaki ni gramu ngapi? Asipojua, geuza chupa. Chupa nyingi za Riesling, hasa za Marekani, hubeba nyuma yake mstari mdogo wenye mshale uliobuniwa na International Riesling Foundation, unaoonyesha mvinyo umeangukia wapi kati ya mkavu na mtamu. Uzuri wake ni kwamba haupimi sukari peke yake bali sukari ikilinganishwa na uchachu, yaani jinsi ulimi utakavyousikia. Alsace nao, kuanzia mavuno ya 2021, wanatakiwa kuandika kiwango cha utamu kwenye lebo za mivinyo yao myeupe isiyo na mapovu: sec, demi-sec, moelleux au doux. Walichelewa, lakini wamefanya.

Nimfikie wa nne, mpenda sukari. Mbele yake kuna utajiri ambao mwandishi wako ameupita bila kuutazama. Sauternes, kusini mwa Bordeaux, hutokana na zabibu zilizooza, na sitanii. Maji baridi ya mto Ciron yanapokutana na ya Garonne hutoa ukungu wa asubuhi wakati wa vuli, na unyevu huo hulisha kuvu iitwayo Botrytis cinerea. Kuvu hutoboa maganda, jua la mchana hukausha maji, na ndani ya punje hubaki sukari na uchachu vilivyokolea. Wavunaji hupita shamba lilelile mara kadhaa wakichuma zilizofika tu. Kinachopatikana ni kidogo na bei huwa juu, ndiyo maana huuzwa sana katika chupa ndogo za mililita 375. Mpe mtu glasi yake ndogo pamoja na jibini ya buluu yenye chumvi, kisha kaa kimya umtazame. Kuvu hiyohiyo ndiyo inayotoa Tokaji Aszú wa Hungaria, ambao kwa kanuni za sasa hauruhusiwi kuwa chini ya gramu 120 za sukari kwa lita, na bado uchachu wa zabibu ya Furmint huufanya uonekane mwepesi.

Port ya Ureno hupatikana kwa njia nyingine. Juisi ikiwa bado inachachuka humiminiwa pombe ya zabibu yenye nguvu ya asilimia 77. Hamira hufa papo hapo, sukari hubaki, na mvinyo hutulia kwenye asilimia 19 hadi 22. Kwa anayeanza napendekeza tawny ya miaka 10, yaani port iliyozeeka kwenye pipa, badala ya ruby, ambayo ni changa zaidi, kwa kuwa kukaa kwenye pipa kumeilainisha tanini na kumeipa ladha ya karanga na sukari iliyoungua. Mwisho kabisa wa njia yuko Pedro Ximénez wa Hispania, uliotengenezwa kwa zabibu zilizoanikwa juani mpaka zikasinyaa. Ni mweusi, mzito, unashika kuta za glasi, na sukari yake huweza kukaribia gramu 400 kwa lita. Wengine huumwagia juu ya aiskrimu, nami siwalaumu. Nilishamwona mzee mmoja mwenye sura ya hakimu akikilamba kijiko mpaka mkewe akamkanyaga chini ya meza.

Lakini kwa huyu mpenda sukari ndiko kwenye hatari, na wahudumu hatuisemi vya kutosha. Sukari huficha kileo. Glasi ndogo ya port ya mililita 75, yenye asilimia 20, ina mililita 15 za kileo tupu. Glasi mbili za Moscato za mililita 125 kila moja, zenye asilimia 5, zina 12.5 kwa jumla. Yaani aliyekunywa kile kiglasi kimoja anachokiona cha mzaha amemzidi aliyemaliza glasi mbili kubwa. Mgeni anayeanza asipewe port kama kinywaji cha kumfungulia jioni, wala asijaziwe tena kwa kuwa eti kinateleza. Na mwenye kisukari asidhani mvinyo mtamu ni juisi iliyochangamka. Azungumze na daktari wake. Ofisi ya Shirika la Afya Duniani ya Ulaya ilisema wazi Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara kwa afya. Nami sitajifanya sikuisoma.

Niende kwenye neno lililoniuma zaidi, kwamba utamu ni wa wasiojua. Historia haimuungi mkono. Katika karne ya 19 Champagne yenyewe ilikuwa tamu, na ile iliyopelekwa Urusi ilitiwa sukari kuliko mivinyo mingi ya mwisho wa mlo tunayokunywa leo. Ile brut iliyomfanya Louise Pommery, mwenye nyumba ya Champagne, asemwe sana ilitoka mwaka 1874, kwa ajili ya wanywaji wa Uingereza. Bonde la Douro liliwekewa mipaka mwaka 1756 ili kuilinda port. Katika orodha ya daraja za Bordeaux ya mwaka 1855, shamba lililopewa cheo cha peke yake juu ya yote lilikuwa Château d'Yquem, la mvinyo mtamu. Napoléon akiwa mfungwa kisiwani Saint Helena aliletewa mvinyo mtamu wa Constantia, Afrika Kusini. Hata walaghai walijua watu wanataka nini: mwaka 1985 iligundulika kwamba baadhi ya watengenezaji wa Austria walikuwa wakitia kemikali ya dietilini glaikoli ili mivinyo yao ionekane mizito na mitamu kuliko ilivyokuwa.

Na hili la kwamba ulimi utazoea tu? Kwa baadhi, ndiyo. Lakini ndimi si moja. Mwaka 1931 mkemia Mmarekani Arthur Fox alikuwa akishughulika na unga wa kemikali maabara, ukapeperuka, mwenzake akalalamika kwamba hewa imekuwa chungu huku Fox mwenyewe hasikii kitu. Tangu hapo wanasayansi wamechunguza sana tofauti hizi, na jeni moja inayohusika sana na uchungu wa namna hiyo, TAS2R38, inajulikana. Unapomwambia mtu avumilie uchungu usioujua ukubwa wake mdomoni mwake, unamfundisha kwa kutumia ulimi wako.

Anayetaka kuhama kutoka kwenye utamu apelekwe taratibu, na Riesling ni njia nzuri kuliko nyingine niliyowahi kuitumia: kutoka Moscato aende Kabinett ya asilimia 8, kisha feinherb, kisha trocken ya shamba lilelile ikiwezekana, ili harufu ibaki ya kuzoeleka wakati sukari inapungua. Wapo walioshuka ngazi hizo zote safari moja wakitamani zaidi. Wapo waliofika feinherb wakasimama hapo, wakaniambia, "Mama, hapa panatosha." Palitosha. Mwanamke mmoja aliyekuja na mumewe, mume akiwa amemchagulia mwekundu mzito kwa kuwa alisikia ndio wa watu wazima, alikunywa maji jioni nzima. Kesho yake alikuja peke yake, nikamuuliza lile swali langu. Alikuwa anakimbia tanini. Nikampa Kabinett, na tangu hapo mumewe ndiye aliyekuwa akichungulia glasi ya mkewe.

Machache ya mezani, haraka. Baridi hupunguza utamu unaosikika, kwa hiyo Moscato na Riesling ziwe nyuzi 6 hadi 10 za selisiasi, na ukiona mvinyo mtamu unakuchosha, urudishe kwenye friji kabla ya kuulaumu. Tawny isiwe ya barafu, ipozwe tu. Kitindamlo kisiuzidi mvinyo kwa utamu, maana kikiuzidi mvinyo hugeuka mchachu mdomoni. Chakula chenye pilipili kali hutulizwa na Riesling nusu tamu yenye kileo kidogo, wakati mwekundu wenye kileo kikubwa huuchochea moto. Sauternes iliyofunguliwa hukaa friji kama wiki hivi, tawny hukaa wiki kadhaa, na Pedro Ximénez hukaa zaidi, usipokuwa na watu wa kijiko nyumbani. Na chupa nzito ya kioo kinene isikutishe: chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo na halina gharama. Kila mvinyo unaotajwa kwenye safu ya Jumamosi uandikiwe pembeni namba mbili: asilimia ya kileo na gramu za sukari kwa lita. Watengenezaji wengi huzitoa kwenye karatasi za maelezo za mivinyo yao, na wasiozitoa waulizwe. Pia naomba mwandishi wako, kwa toleo moja tu, atuonjee Kabinett, Brachetto na demi-sec, aandike alichokisikia ulimini. Nitamsoma kabla ya siasa, kama kawaida.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Mhudumu mstaafu wa mezani